Udhihirikaji wa Jeni katika Utambuzi na Ubashiri wa Saratani ya Utumbo Mpana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii inaafiki mno saratani ya utumbo mpana, kwa kuwa dalili zake za awali ni mambo ambayo wengi wetu huona haya kuyataja: damu katika choo, mabadiliko ya muda mrefu katika namna ya kwenda haja, maumivu ya tumbo na upungufu wa damu usio na sababu ya wazi. Kwa mujibu wa makadirio ya asasi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru mwaka 2022, na wengine wapatao 900,000 wakafariki kutokana nayo. Kimataifa, maradhi haya ni ya tatu kwa wingi wa wagonjwa wapya wa saratani na ya pili kwa wingi wa vifo. Nchini Kenya yamo miongoni mwa saratani tano zinazowapata watu wengi zaidi.

Msomaji huenda akajiuliza: suala hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba elimu isiyopata lugha ya kuielezea hubaki kuwa mali ya wachache. Isitoshe, njia ambayo wanasayansi wanaitumia siku hizi kuichunguza saratani hii inakaribiana sana na kazi ya mwanaisimu anayechunguza matumizi ya lugha. Makala haya yanadhamiria kufafanua maana ya udhihirikaji wa jeni, kuonyesha jinsi unavyotumika kuitambua saratani ya utumbo mpana na kuubashiri mkondo wake, na kubainisha mipaka ya mbinu hiyo, hasa kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki.

Dhana na Istilahi

Kila seli ya mwili wa binadamu yenye kiini hubeba DNA, ambayo ndiyo hazina ya maagizo yote ya urithi. Sehemu ya DNA yenye agizo mahususi huitwa jeni. Binadamu ana takribani jeni 20,000 zinazotoa maagizo ya kuunda protini. Ili protini iundwe, jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, kisha ujumbe huo husomwa na kugeuzwa kuwa protini. Ni protini ndizo zinazotenda kazi nyingi za seli: kuijenga, kuilisha, kuilinda na hata kuiamuru ife wakati wake unapofika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba seli ya ini na seli ya utumbo zina jeni zile zile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinazotumika, wakati gani na kwa kiwango kipi. Hali hiyo ndiyo tunayoiita hapa udhihirikaji wa jeni. Istilahi ya Kiingereza inayotumika imetokana na kitenzi chenye maana ya kueleza au kutamka, na tungeitafsiri sisisi tungepata "usemi wa jeni". Hata hivyo, neno "usemi" tayari limebebeshwa mzigo mkubwa katika sarufi yetu, tukikumbuka usemi halisi na usemi wa taarifa. Kitenzi "dhihirika" kinafaa zaidi kwa sababu kinaonyesha kwamba jeni iliyofichika hujulikana kupitia zao lake. Kauli ya kutendeka iliyomo ndani yake pia inatukumbusha kwamba jeni haijitendei yenyewe, bali huwashwa au huzimwa na mazingira yake.

Mwanafunzi wa isimujamii anaweza kuielewa dhana hii kwa kuilinganisha na sajili. Wazungumzaji wa Kiswahili wanachangia kamusi moja, lakini anayeuza sokoni, anayehubiri kanisani na anayetetea kesi mahakamani hawateui maneno sawa. Tukipewa nakala ya mazungumzo bila kuambiwa yalifanyika wapi, tunaweza kuitambua sajili kwa kuangalia msamiati uliotumika na marudio yake. Vivyo hivyo, mtafiti akipewa kipande cha tishu anaweza kupima RNA mjumbe ya maelfu ya jeni na kutambua tishu hiyo ni ya nini na inapitia hali gani. DNA ni kamusi, ilhali RNA mjumbe ni mazungumzo yenyewe.

Chanzo cha Saratani ya Utumbo Mpana

Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Seli changa huzaliwa chini ya vishimo vidogo vya utando huo, hupanda juu huku zikikomaa, kisha hufa na kuondoka. Saratani huanza pale utaratibu huu unapovurugika. Mwaka 1990, watafiti wa Marekani Eric Fearon na Bert Vogelstein walitoa maelezo ambayo hadi leo ni msingi wa somo hili: kwamba saratani ya utumbo mpana hutokea hatua kwa hatua, kutoka utando wa kawaida hadi kinundu kisicho na madhara, kisha hadi uvimbe wa saratani, na kila hatua huambatana na kuharibika kwa jeni fulani. Safari hiyo aghalabu huchukua miaka mingi, na ndiyo maana kuviondoa vinundu mapema huzuia saratani isitokee.

Jeni inayoharibika mwanzoni katika visa vingi huitwa APC. Kazi ya protini yake ni kusaidia kuiharibu protini nyingine, beta-katenini, ili isirundikane. APC inapoharibika, beta-katenini hurundikana, huingia katika kiini cha seli na kuziwasha jeni za ukuaji, mojawapo ikiwa ni ile iitwayo MYC. Mfano huu unatufunza kwamba hitilafu katika jeni moja hubadilisha udhihirikaji wa jeni nyingine nyingi. Kosa moja la tahajia katika sentensi moja linageuza mazungumzo yote.

Kuna pia hali ambapo jeni haina kosa lolote la kimaandishi, ila imenyamazishwa. Takribani asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa madogo yanayotokea DNA inaponakiliwa. Baadhi ya wagonjwa hawa wamerithi kasoro katika jeni za urekebishaji, hali inayojulikana kama dalili za Lynch, kutokana na jina la daktari Mmarekani Henry Lynch aliyezichunguza familia zenye tatizo hilo. Lakini wengi wao hawakurithi chochote: jeni iitwayo MLH1 imefungwa kwa alama za kikemikali na haidhihiriki tena. Anayesoma maandishi ya jeni hiyo peke yake hataona kasoro. Anayepima udhihirikaji ataona kimya.

Utambuzi wa Ugonjwa

Matumizi ya udhihirikaji wa jeni katika utambuzi si mapya kama inavyodhaniwa. Mwaka 1965, Phil Gold na Samuel Freedman wa Montreal, Kanada, waligundua protini katika uvimbe wa utumbo mpana ambayo pia hupatikana kwa wingi katika utumbo wa mtoto aliye tumboni. Protini hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama CEA, hutolewa kwa kiwango kidogo tu na utumbo wa mtu mzima. Saratani huifanya jeni yake idhihirike upya kwa wingi, kana kwamba seli imerudia lugha ya utotoni. Hadi leo kipimo cha CEA katika damu hutumika kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji. Kikipanda, daktari hushuku kuwa ugonjwa unarejea. Hata hivyo, hakifai kumtambua mgonjwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wenye saratani changa wanaweza kuwa na kiwango cha kawaida, ilhali wavutaji sigara wanaweza kuwa na kiwango cha juu.

Mageuzi makubwa yalitokea katika miaka ya 1990, vilipobuniwa vijisahani ambavyo juu yake vipande vya maelfu ya jeni vimepangwa kwa safu. Kijisahani kimoja kiliweza kuonyesha kwa pamoja jeni zipi zinadhihirika na kwa kiasi gani. Mwaka 1999, Uri Alon na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sampuli 40 za uvimbe wa utumbo mpana na sampuli 22 za utumbo usio na saratani, wakitumia kijisahani chenye jeni zaidi ya 6,500. Walizipanga sampuli kwa kufuata mfanano wa udhihirikaji, kama mwanaisimu anavyozipanga lahaja kwa kufuata sifa zinazochangiwa, na sampuli za uvimbe zikajitenga kwa kiasi kikubwa na zile za kawaida.

Utafiti huo ulikuwa na funzo jingine. Sehemu ya tofauti iliyoonekana ilitokana na kwamba sampuli za kawaida zilikuwa na misuli zaidi ya sampuli za uvimbe. Mtafiti asiyekuwa mwangalifu angeweza kudhani kuwa jeni za misuli ni alama ya afya! Ni sawa na mtu anayelinganisha Kimvita na Kiamu kwa kumsikiliza mvuvi wa huku na mwalimu wa kule, kisha akadai kuwa tofauti zote alizozisikia ni za kilahaja.

Siku hizi, utambuzi wa saratani ya utumbo mpana bado hukamilishwa kwa kolonoskopi na kwa mwanapatholojia kukichunguza kipande cha tishu kwa darubini. Udhihirikaji wa jeni haujaiondoa darubini, bali umeiongezea macho. Fauka ya hayo, mwezi Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha choo kinachopima RNA za binadamu pamoja na damu isiyoonekana kwa macho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, kipimo hicho kiliwatambua asilimia 94 ya waliokuwa na saratani. Hata hivyo, kiliwakosa zaidi ya nusu ya wenye vinundu vilivyokaribia kugeuka saratani, na anayepatikana na dalili kupitia kipimo hicho hana budi kufanyiwa kolonoskopi.

Ubashiri wa Mkondo wa Ugonjwa

Baada ya uvimbe kukatwa, mgonjwa huwa na swali moja: je, utarudi? Tangu mwaka 1932, Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's jijini London alipoainisha saratani ya puru kwa kuangalia umbali ambao imepenya, madaktari wamelijibu swali hili kwa kutumia hatua za ugonjwa. Katika mfumo wa sasa, hatua ya kwanza ni uvimbe ambao haujapita ukuta wa misuli ya utumbo. Ya pili ni uliopenya zaidi ya misuli hiyo bila kufikia tezi za limfu. Ya tatu ni uliofika katika tezi hizo. Na ya nne ni uliosambaa hadi viungo vya mbali kama ini na mapafu.

Utata mkubwa umo katika hatua ya pili. Wengi wa wagonjwa hawa hupona kwa upasuaji peke yake, lakini wachache hurudiwa na ugonjwa. Utafiti wa Uingereza uitwao QUASAR, uliochapishwa mwaka 2007 na uliohusisha wagonjwa 3,239 ambao wengi wao walikuwa wa hatua ya pili, ulionyesha kuwa tibakemikali huongeza uhai kwa wagonjwa 3 au 4 tu kati ya kila 100. Tukiwapa wote dawa, tunawatesa wengi kwa kichefuchefu, kuhara na ganzi ya vidole bila faida. Tukiwanyima wote, tunawapoteza wachache ambao wangepona. Hapa ndipo udhihirikaji wa jeni ulipotarajiwa kuamua.

Kipimo kimojawapo, Oncotype DX cha utumbo mpana, kilianza kutumika mwaka 2010. Kinapima RNA ya jeni 12: saba zinazohusiana na saratani na tano za ulinganishi. Kilipojaribiwa kwa sampuli za wagonjwa 1,436 wa QUASAR, kiliwagawa katika makundi matatu ambayo hatari yao ya kurudiwa na ugonjwa katika miaka mitatu ilikuwa asilimia 12, 18 na 22. Kipimo kilibashiri, lakini hakikuonyesha ni nani atakayenufaika na dawa kuliko mwenzake. Hii ni tofauti ya msingi ambayo msomaji anafaa kuishika: kubashiri mkondo wa ugonjwa si sawa na kubashiri faida ya tiba. Mtu anayejua kuwa mvua itanyesha hajui bado iwapo mwavuli wake unavuja. Ndiyo sababu vipimo vya aina hii havijawa sharti katika matibabu ya kawaida ya saratani hii.

Ajabu ni kwamba wakati mwingine jeni moja hutoa habari nyingi. Jeni CDX2 huiongoza seli ya utumbo ikomae. Mwaka 2016 Piero Dalerba na wenzake walionyesha kuwa uvimbe usiodhihirisha CDX2, ambao ni wa wagonjwa wachache tu, una hatari kubwa zaidi ya kurudi. Miongoni mwa wagonjwa wa hatua ya pili wasiokuwa na CDX2, asilimia 91 ya 23 waliopewa tibakemikali waliishi miaka mitano bila ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 56 ya 25 ambao hawakupewa. Idadi hiyo ni ndogo na wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, hivyo matokeo yanahitaji kuthibitishwa. Hata hivyo, CDX2 inaweza kuonekana kwa kuipaka tishu rangi maalumu, bila mashine ghali za kupima RNA.

Aina Nne za Ugonjwa Mmoja

Kufikia mwaka 2015, makundi mbalimbali ya watafiti yalikuwa yameiainisha saratani ya utumbo mpana kila moja kwa namna yake. Yaliamua kuunganisha data zao, zikiwa za wagonjwa 4,151, na yakakubaliana kuhusu aina nne. Ya kwanza, asilimia 14, ina makosa mengi ya DNA na imejaa seli za kinga. Ya pili, asilimia 37, inafuata mkondo wa kawaida wa beta-katenini na MYC. Ya tatu, asilimia 13, ina mabadiliko katika namna seli zinavyotumia chakula. Ya nne, asilimia 23, imezungukwa na tishu-unganishi nyingi, na wagonjwa wake ndio waliokuwa na matokeo mabaya zaidi. Asilimia 13 iliyosalia haikuweza kuwekwa kwa yakini katika aina yoyote, kama zilivyo lugha za mpakani ambazo hazikubali kuwekwa katika kapu moja.

Aina ya kwanza imeleta tumaini kubwa. Seli zake, kwa wingi wa makosa yao, hutambulika kwa urahisi na kinga ya mwili, lakini huifunga breki kinga hiyo. Dawa iitwayo pembrolizumab huifungua breki. Katika utafiti wa wagonjwa 307 wenye ugonjwa uliosambaa na wasio na uwezo wa kurekebisha DNA, uliochapishwa mwaka 2020, muda wa wastani kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 16.5 kwa waliopewa dawa hiyo na miezi 8.2 kwa waliopewa tibakemikali. Uamuzi wa nani apewe dawa hiyo unaweza kufanywa kwa kuangalia iwapo protini nne tu, ikiwemo ile ya MLH1, zinadhihirika katika uvimbe.

Mipaka ya Mbinu

Licha ya mafanikio hayo, kuna vikwazo vya kuzingatiwa. Kwanza, RNA huharibika haraka. Tishu ikicheleweshwa kati ya chumba cha upasuaji na maabara, mazungumzo ya seli hupotea kabla ya kunukuliwa. Pili, uvimbe mmoja una sehemu nyingi zisizofanana, na kipande kimoja huenda kisiuwakilishe wote. Tatu, jeni ni nyingi na wagonjwa wa utafiti ni wachache, hivyo ni rahisi kupata ruwaza ambayo ni ya bahati tu. Katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, majaribio ya tiba yaliyotegemea orodha za jeni za saratani nyingine yalisimamishwa mwaka 2010, baada ya wanatakwimu kubaini makosa makubwa katika data. Makala ya msingi ya mwaka 2006 yaliondolewa na jarida lililoyachapisha mwaka 2011. Wagonjwa halisi walikuwa wamekwisha kuingizwa katika majaribio hayo.

Kikwazo cha nne kinatuhusu moja kwa moja. Sampuli nyingi zilizotumika kuunda vipimo hivi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Kuna kejeli fulani hapa, kwa sababu Afrika Mashariki ilichangia mapema katika mjadala wa saratani hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, alitoa hoja mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa mashambani kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Uadimu huo haupo tena, lakini sampuli zetu bado ni chache. Kipimo kilichoundwa bila sisi ni kama kamusi iliyotungwa bila kuwasikiliza wazungumzaji wa lahaja fulani: huenda ikawafaa, lakini hakuna anayeweza kuapa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba saratani ya utumbo mpana inaweza kutambuliwa na kubashiriwa, kwa kiasi, kwa kusikiliza jeni zipi zinadhihirika na zipi zimenyamaza. Tumeona kuwa vipimo vya jeni nyingi vimefaulu zaidi katika kubashiri kuliko katika kuelekeza tiba, ilhali vipimo vya protini chache, ambavyo maabara yenye darubini na vitendanishi inaweza kuvimudu, tayari vinaamua nani apewe dawa gani. Kwa nchi kama Kenya, hapa ndipo pa kuanzia.

Kwa upande wa lugha, kazi ni yetu. Mgonjwa anayeambiwa kuwa uvimbe wake "haudhihirishi MLH1" ana haki ya kuuliza maana yake na kujibiwa kwa lugha anayoiota usiku. Jibu hilo linaweza kuwahusu ndugu zake, ambao huenda nao wamerithi hatari, na linaweza kuamua iwapo atakubali au atakataa tiba. Wanafunzi wa isimu wakae na wenzao wa utabibu, wazipime istilahi hizi kwa wagonjwa na wauguzi, na wazikatae zile zisizoeleweka. Istilahi "udhihirikaji" iliyopendekezwa hapa haikuteremshwa kutoka mbinguni. Ikipatikana iliyo bora zaidi, itumike hiyo, almuradi mgonjwa aelewe.